Njia Hii ni ya Nani? Maegesho ya Magari, Haki ya Mkazi na Amani ya Mtaa

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, Kifaru

1. Utangulizi



Huenda baadhi yenu mlipokisikia kichwa cha mada hii mlijiuliza: je, Haki na Amani imekosa mambo ya kusema hata ianze kuzungumzia mahali pa kuegesha magari? Tumezoea kuzungumza juu ya mirathi ya wajane, mipaka ya mashamba, rushwa, na ugomvi kati ya wakulima na wafugaji. Hayo ni mambo mazito, nasi hatuyaachi. Lakini haki haianzi mahakamani. Huanza mlangoni pa nyumba, pale mtu anapotoka asubuhi na kuiona njia ikiwa wazi au ikiwa imefungwa.

Usiku mmoja tuliitwa kumpelekea mgonjwa Sakramenti ya Mpako. Nyumba ilikuwa hatua chache tu kutoka barabara kuu. Tulipofika tukakuta gari la kumpeleka mgonjwa hospitali limesimama nje, haliwezi kuingia, kwa sababu lori lilikuwa limeegeshwa katika mdomo wa kichochoro, tairi zake zikigusa ukuta huku na huku. Dereva hakuonekana. Ikabidi vijana wanne wambebe mama yule juu ya godoro, wakipita naye kwa ubavu kati ya lori na ukuta. Mungu ni mwema, mama yule alipona. Tulipokwenda kumjulia hali baada ya majuma mawili, hakuuliza juu ya ugonjwa wake. Aliuliza: "Baba, njia hii ni ya nani?"

Swali hilo ndilo mada yetu ya leo.

2. Hali ilivyo

Kifaru imekaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Kwa miaka mingi uhai wa sehemu hizi ulifuata reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911. Baadaye lami ikaipokonya reli kazi yake, na makazi yakaisogelea barabara. Ingawa treni za mizigo zilirudi tena kati ya Tanga na Moshi mwaka 2019, sehemu kubwa ya shehena ingali inapita barabarani.

Barabara imetuletea riziki. Mama lishe huuza chakula kwa sababu lori limesimama. Kijana wa bodaboda hupata abiria kwa sababu basi limeshusha watu. Muuza nyanya, fundi wa tairi, mwenye nyumba ya wageni, wote wanakula kwa sababu magari yanasimama. Kwa hiyo asiinuke mtu kusema: "Magari yote yaondoke!" Angekuwa anawafukuza pamoja na riziki ya majirani zake.

Lakini barabara imetuletea pia msongamano. Malori yanayotafuta mahali pa kulala huingia katika njia za mitaa. Magari ya abiria hugeuzia milangoni pa watu. Bodaboda na bajaji hupanga foleni mbele ya maduka hata mteja akakosa pa kupita. Watoto waendao shule hulazimika kutembea juu ya lami kwa sababu kando ya lami pamejaa magari. Tusijifiche nyuma ya wengine: siku ya Jumapili sisi waamini, na sisi mapadre pamoja nao, huyaacha magari yetu popote, tukiamini kwamba aliyekuja kusali hawezi kumkosea jirani.

Katika hali hii wengine wametoa shauri: kwa nini tusiwe na utaratibu wa vibali, kwamba katika mtaa fulani aruhusiwe kuegesha mkazi wa mtaa huo peke yake, na mgeni atafutiwe mahali pengine? Shauri hili si baya. Linastahili kupimwa kwa makini kabla ya kulikubali au kulikataa.

3. Kibali cha mkazi kilitoka wapi?

Tatizo hili halikuanza kwetu. Mwaka 1935, katika mji wa Oklahoma City huko Marekani, iliwekwa mashine ya kwanza ya kulipia maegesho kwa muda. Sababu yake ilikuwa nyepesi: wafanyakazi wa mjini waliyaacha magari yao mbele ya maduka tangu asubuhi hadi jioni, na mnunuzi akakosa mahali. Ada ya senti tano kwa saa ilitosha kumkumbusha mtu kwamba nafasi ile ina watu wengine wanaoingoja.

Miaka ya 1970, katika wilaya ya Arlington, jimbo la Virginia, palizuka jambo lililo karibu zaidi na letu. Wafanyakazi wa maofisi makubwa waliyajaza magari yao katika mitaa ya makazi iliyo jirani, na wenyeji wakakosa nafasi mbele ya nyumba zao. Serikali ya wilaya ikatoa vibali: saa za kazi, wakazi na wageni wao tu ndio waegeshe. Wafanyakazi wakashtaki. Walidai kwamba barabara ni ya umma, na kwamba kumpendelea mkazi ni kuwabagua raia wengine. Mahakama za Virginia zilikubaliana nao. Lakini mwaka 1977 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikabatilisha hukumu hiyo. Ilisema kwamba si kila tofauti kati ya mkazi na asiye mkazi ni ubaguzi. Serikali yaweza kuiweka tofauti hiyo ikiwa ina lengo la haki, kama kupunguza kelele, moshi na msongamano katika mitaa ya makazi.

Wajapani walishika njia nyingine. Kwa sheria yao ya mwaka 1962, mtu anayetaka kusajili gari hana budi kuonyesha kwanza kwamba anayo nafasi ya kuliweka nje ya barabara, na polisi huthibitisha. Kwao barabara ni ya kupita. Si ghala la mali ya mtu.

Hapa nchini wengi wetu tumeyajua maegesho kwa njia ya ushuru. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulianzishwa mwaka 2017. Mwaka 2021 ulipoanza kukusanya ushuru wa maegesho kwa mfumo wa kielektroniki jijini Dar es Salaam, wenye magari walinung'unika sana. Wengi hawakulalamikia kiasi cha fedha tu. Walilalamika kwamba deni lilikua bila wao kujua, na kwamba hawakuelezwa vya kutosha. Tulishike jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

4. Mkazi ni nani?

Sasa turudi nyumbani. Kule Arlington, kusema "mkazi" kulikuwa sawa na kusema "mkazi mwenye gari". Je, kwetu ni hivyo? Hesabuni nyumba za mtaa wenu, kisha hesabuni magari. Walio wengi hawana gari. Tukisema basi kwamba nafasi ya njia ni ya wakazi wenye vibali, tutakuwa tumewagawia wachache mali ya wote, kisha tumewaita wote "wakazi" ili jambo lionekane la haki.

Turudi pia kwa lile lori la usiku ule. Sote tuliokuwapo tulidhani ni la mpita njia, mtu wa mbali asiyetujali. Kulipopambazuka tukamjua mwenyewe. Alikuwa mkazi wa mtaa uleule, nyumba ya tatu kutoka kwa mgonjwa. Kama vibali vingekuwapo, huenda lori lile lingekuwa na kibali kiooni! Mama yule angebebwa juu ya godoro kwa utaratibu halali kabisa.

Ndugu zangu, tuone hapo shimo lililofichika. Kibali chaweza kumfukuza mgeni bila kumponya jirani. Tukiuanza utaratibu kwa kuuliza "ni nani aegeshe?", tumekwisha kuliweka gari mbele ya mtu. Swali la kwanza liwe: "Ni nini kisichoweza kuzuiwa kamwe?" Jibu ni mlango wa mtu, njia ya mgonjwa, njia ya jeneza, njia ya mtoto aendaye shule, na njia ya kiti cha magurudumu. Hayo yakiisha kulindwa, ndipo tugawane nafasi iliyobaki.

Tena tumwangalie dereva wa masafa. Yeye naye ni mtoto wa mtu. Amesafiri usiku kucha, macho yamechoka. Tukimfukuza hapa bila kumwonyesha mahali pa kulala, tunamrudisha barabarani akiwa na usingizi. Ajali atakayoipata mbele huko itakuwa imeanzia kwetu. Haki ya mkazi isijengwe juu ya maisha ya mpita njia.

Kanisa linafundisha tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, kwamba Mungu aliviweka vitu vya dunia kwa ajili ya watu wote. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 aligusa hata jambo hili la magari: kwamba wingi wake mijini huleta msongamano na uchafu wa hewa, hudai barabara na maegesho zaidi, na huharibu sura ya mji. Maandiko nayo yanatupa mfano. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, nchi haikuwatosha Abrahamu na Lutu pamoja na mifugo yao, na wachungaji wao wakagombana. Abrahamu, aliye mkubwa, hakudai haki ya ukubwa. Alimwachia mdogo achague kwanza. Nafasi ilikuwa haba, lakini udugu ukabaki.

5. Mafunzo ya wazee wetu

Sisi watu wa Upareni hatuhitaji kwenda Virginia ili kujifunza kugawana kitu kilicho haba. Mnazijua ndiva zetu. Maji ya kijito hukusanywa usiku katika ndiva, asubuhi hufunguliwa, nayo hupita mferejini kwenda shamba la mwenye zamu. Hakuna aliyeyamiliki maji, wala hakuna aliyeyachukua atakavyo. Kulikuwa na zamu, kulikuwa na mzee wa kuisimamia, na kulikuwa na msaragambo wa kuzibua mfereji. Asiyekuja kwenye kazi alitozwa. Aliyefungulia maji usiku kwa kuiba alishtakiwa mbele ya wenzake. Zamu haikutolewa kwa aliye tajiri zaidi, bali kwa aliye mshiriki wa mfereji.

Basi kibali cha maegesho, kikieleweka vizuri, ni zamu. Hakimpi mtu umiliki wa njia. Kinampa nafasi kwa muda, kwa masharti, na kwa wajibu.

Kuna fundisho la pili, nalo ni la uchungu. Wazee wanaikumbuka habari ya mbiru. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, watawala wa kikoloni waliwatoza Wapare kodi ya kukadiriwa kwa mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani kwenda Same, makao ya wilaya, wakakaa huko kupinga. Wanawake nao baadaye waliandamana Usangi. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa nchi hii aliyeandika habari hizo mwaka 1971, ameonyesha kwamba watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kukadiriwa, ambayo hawakuielewa wala hawakushirikishwa kuipanga. Hatimaye kodi ile ikaondolewa.

Yeyote anayetaka kuweka ushuru au kibali katika nchi hii ya Upare aikumbuke mbiru. Watu wetu si wagumu wa kulipa. Wagumu wao ni mbele ya jambo lililoamuliwa gizani.

6. Sheria inasemaje?

Ni vema tujue mipaka ya mamlaka, tusije tukapanga juu ya kisicho chetu.

Barabara kuu iko chini ya TANROADS. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5. Ndani ya hifadhi hiyo kijiji hakiwezi kutoa vibali vyake, wala mtu asikubali kuuziwa "nafasi ya kudumu" humo; anauziwa hewa. Barabara za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA, kwa hiyo kwa hizo hatuna budi kushauriana nao. Aidha, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza tangu zamani kuacha chombo mahali panapozuia au kuhatarisha wengine. Lori la usiku ule lilikuwa limevunja sheria hata kabla ya kibali chochote kufikiriwa.

Kwa upande wa kijiji, Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini rasimu yake lazima ifikishwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, wenye watu wazima wote, kisha ipate idhini ya Halmashauri ya Wilaya; kwetu ni Mwanga. Ushuru uliotungwa na watu watatu chini ya mti, bila mkutano na bila idhini, si sheria. Vilevile, mwananchi asiyehudhuria mkutano asilalamike kesho kwamba hakuulizwa.

7. Vigezo vya utaratibu wa haki

Tukiyaweka hayo yote pamoja, tunapendekeza kamati zetu ziupime mpango wowote wa vibali kwa vigezo hivi saba:

(a) Njia kwanza. Kabla ya kutoa kibali hata kimoja, zipimwe na kuwekewa alama njia zisizoegeshwa kamwe, na mtu yeyote, mwenyeji au mgeni.

(b) Mahali mbadala. Malori yatengewe uwanja wenye choo, maji na taa, karibu na mama lishe, ili riziki ihamie pale pamoja na magari. Vijana wa bodaboda nao wapewe kituo kinachojulikana. Kufukuza bila kuonyesha pa kwenda si utaratibu.

(c) Kibali kwa nyumba. Kila kaya iwe na haki iliyo sawa. Mwenye magari matatu asipate sauti mara tatu. Kibali kisiuzwe wala kukodishwa.

(d) Asiye na gari naye ana haki. Mgonjwa, mlemavu, mwenye msiba na mwenye arusi waweze kupokea magari ya wageni wao bila kutozwa. Mtaa usiokuwa na nafasi ya waombolezaji umekoma kuwa mtaa wa Kiafrika.

(e) Ada ndogo, hesabu wazi. Ada ikiwapo, itoshe gharama za utaratibu na ukarabati wa njia. Ilipwe kwa stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe katika mkutano mkuu. Pasiwe na deni linalokua bila mtu kuarifiwa.

(f) Msimamizi anayeweza kuulizwa. Anayekamata gari asiwe ndiye anayepanga faini, wala asilipwe kwa kadiri anavyokamata. Pawepo na mahali pa kukata rufaa.

(g) Majaribio. Utaratibu uanze katika njia chache, kwa miezi sita, kisha wananchi waitwe waseme: umetusaidia au umetuumiza? Sheria isiyokubali kurekebishwa hugeuka kuwa nira.

Nasi wa Kanisa tuanze kwetu. Kuanzia sasa magari ya Jumapili yaingie ndani ya uwanja wa kanisa, hata kama itabidi kutembea hatua mia zaidi. Hatuwezi kuhubiri juu ya njia ya jirani huku tumeifunga.

8. Hitimisho

Ndugu wapendwa, hatukuja kuwaambia kwamba vibali ni vizuri au ni vibaya. Vyaweza kuwa ndiva, vyaweza kuwa mbiru. Vikitolewa kwa ushauri wa wote, kwa zamu, kwa kumlinda aliye mdogo, vitaleta amani. Vikitolewa kwa siri, kwa faida ya wenye magari na wenye stakabadhi, vitazaa manung'uniko, na manung'uniko ni mbegu ya vita.

Mwenye lile lori tulikwenda kumwona, sisi pamoja na wazee wawili. Hatukwenda kwa hasira. Tulimwuliza tu aliegesha pale kwa nini. Akajibu kwamba alikuwa ameibiwa betri mara mbili alipoliacha kando ya barabara kuu, naye hakuwa na mahali pengine penye usalama. Baada ya kusikia habari ya mgonjwa aliinama, akanyamaza kitambo, kisha akaenda mwenyewe kuomba radhi. Tangu siku ile lori hulala katika ua wa jirani mwenye nafasi, na jirani hulipwa kidogo kwa ulinzi. Hakuna sheria mpya iliyotungwa. Lakini tusijidanganye: si kila mtaa una jirani mwenye ua, wala si kila mwenye lori huinama. Ndiyo maana sheria yahitajika, na ndiyo maana yapasa iwe ya haki.

Mama yule tumemjibu hivi: "Mama, njia hii ni ya anayepita." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi waambieni na wengine." Nasi tumewaambieni.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika mtaa wetu, ni njia zipi ambazo gari la mgonjwa haliwezi kupita usiku? Ni nani hasa anazifunga: wageni au sisi wenyewe?

2. Malori yakihamishwa, ni akina nani watakaopoteza riziki? Tufanye nini ili wasiumie?

3. Je, tumewahi kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji mwaka huu? Tulisema nini?

4. Ni jambo gani dogo ambalo jumuiya yetu yaweza kulifanya juma hili ili njia moja ifunguke?